Vidonge vya Kopo Moja

Asubuhi ile mkojo wa Mumbua ulitoka mweusi kama chai ya strungi, isiyotiwa maziwa. Alipofika hospitalini alimweleza Daktari Shivachi habari ya miguu tu, jinsi ilivyomuuma kana kwamba imetwangwa kinuni. La mkojo aliona haya kumwambia kijana wa rika la mwanawe. Alijua kosa liko wapi: liko nyumbani Kawangware, ndani ya kopo la mafuta ya Kimbo.

Hospitali ilikuwa ikiichunguza dawa ya kupunguza mafuta katika damu ya wagonjwa wa sukari. Wengine walipewa dawa yenyewe, wengine vidonge vitupu, visivyo na dawa ndani, vinavyofanana nayo, na hakuna mgonjwa aliyeambiwa amepata vidonge gani. Wagaki, mwenye ploti alikopanga Mumbua, alikuwa mgonjwa mwenzake, na jambo hilo lilimkosesha usingizi. Mama yake mzazi alikatwa mguu kwa sukari, na hakuishi sana baada ya hapo. Basi siku waliyopewa chupa zao, Wagaki alizimimina zote mbili koponi, akalitikisa.

"Mama Kyalo, tukichanganya hivi, hakuna mwenye atakosa," alimwambia Mumbua. "Lakini usiwaambie. Watatufukuza, na mimi nikifukuzwa huko nimekwisha."

Kizuri kula na nduguyo, walisema wahenga. Juu ya vidonge hawakusema kitu. Mumbua alikubali. Tangu afiwe na mumewe, jamaa yake mjini alikuwa Wagaki tu. Kila jioni walimeza pamoja, wakicheka kwamba dawa ya kupunguza mafuta imepangishwa kwenye kopo la mafuta.

Sasa daktari alikuwa akizungumza kwa simu na mfamasia, aliyejua peke yake nani anapewa nini. Akairudisha simu mahali pake, akatabasamu.

"Mama, usiwe na wasiwasi. Wewe tulikupa vitupu. Hayo maumivu si ya dawa yetu, pengine ni kazi nyingi. Endelea kumeza tu."

Hofu ilimshika Mumbua. Kumbe kilichomla miguu kilitoka katika chupa ya Wagaki! Akiacha kumeza kimyakimya, Wagaki atabaki na dawa yote peke yake, imle yeye. Akisema, rafiki yake atafukuzwa, naye ataitwa msaliti kwenye ploti ya watu.

Nesi alifungua mlango, akamwita Wagaki. Kule kwenye benchi la ukumbini Wagaki aliinuka polepole, mkono mmoja ukutani, mwingine gotini. Alipoona Mumbua anamtazama, aliuondoa upesi ule wa ukutani.

"Ni hii baridi tu," alisema, akicheka.

Mumbua hakucheka. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani mwake.

"Daktari," alisema, "muulize mkojo wake uko rangi gani."

Wagaki aliurudisha mkono ukutani.