Siku ya Tatu ya Maji ya Moto

Binti yangu ni fundi wa mnara wa kupozea maji ya mashine kiwandani. Siku ya tatu tangu maji yakatae kupoa, alirudi mchana, akajitupa kitandani kama mzigo.

"Bado, mama. Maji yanaingia ya moto, yanatoka ya moto. Tungekuwa na majani, tungewanywesha chai kiwanda kizima."

"Mabomba mmesafisha?"

"Mara tatu. Bosi anasema Mzee Spana hakuyasafisha vizuri, kesho anamfukuza."

Mzee Spana ndiye aliyemfundisha kazi. Nilipomfunika binti yangu shuka, nikaona suruali yake imelowa chepechepe.

"Nikutegee kitendawili. Nani huyo anaoga na nguo zake?"

"Mama, leo sina nguvu za vitendawili. Nilisimama pembeni mwa mnara, penye vidirisha vya hewa, maji yakanirukia."

"Kwani huwa yanakurukia kila siku?"

 Akainuka polepole kama ajuza.

"Hapana. Kwenye vidirisha hewa huingia, feni ikaivuta juu. Sasa inatoka. Feni inazunguka kinyume, mama." Akajishika kichwa. "Tulipobadilisha mota ya feni, nyaya nilizifunga mimi, wala sikuangalia inazungukia wapi."

"Si ukazirekebishe kimyakimya tu, mwanangu?"

"Na Mzee Spana je?"

Nikaona haya. Alimpigia bosi simu, akasema kosa ni lake, kwa sauti iliyochoka lakini isiyotetemeka. Halafu akatoka, akarudi kiwandani kwa mguu.