Mfuko wa Wanga kwenye Msumari wa Kinyozi

Kinyozi wetu aliniwekea sharti mbele ya wateja: mfuko anaoutengeneza binti yangu ukiharibika tena, nisisimulie kisa chochote kibandani mwake mpaka mwaka ugeuke. Kwangu hiyo ni sawa na kung'olewa ulimi. Mimi ndiye niliyewahi kusimamisha lori lililokatika breki kwa kulikazia macho tu, nyie hamkuwepo.

Mfuko wa kwanza, wa wanga wa muhogo na gliserini ya kulainisha tu, ulikunywa maji ya taulo za kinyozi ukalegea kama uji, taulo zikamwangukia miguuni. Walicheka mpaka mashine ikamchorea mteja barabara kichwani.

Nyumbani nikamshauri binti yangu, anayefanya kazi kwenye maabara ya plastiki, atie udongo, tena mwingi, mfuko uwe ukuta. Akanipa kipande alichokwisha kukizidishia udongo. Nilipokikunja kikakatika kama biskuti.

"Baba, ukizidi unafanya madonge. Kidogo tu, ila utawanyike vizuri."

Akanieleza kwamba udongo ule ni vipande vyembamba visivyoonekana kwa macho, vinalala ndani ya wanga kama vigae juu ya paa. Maji yakitaka kupita yanazungushwa kona hadi yanachoka, na mfuko unakaza.

Basi kinyozi akajaza taulo zinazochuruzika kwenye mfuko mpya, wenye udongo kidogo, akautundika msumarini. Mteja mmoja, kichwa nusu kimenyolewa, alikataa kukaa mpaka aone mwisho. Nikawaeleza habari ya vigae. Wakapiga makofi, eti huo ndio uongo wangu mtamu kuliko wote.

Binti yangu akaingia, akamwamkia kinyozi, kisha akaniuliza nimetia chumvi kiasi gani. Nikamwambia hata punje. Akawathibitishia kuwa ndivyo ilivyo, ila wasiuache na maji kutwa. Bado ni wanga, utalainika.

Kinyozi alipomaliza kile kichwa akautungua mfuko. Ulikuwa umevutika kidogo, una jasho kwa nje, lakini mzima. Akaubeba hadi kwenye kamba ya kuanikia, akarudi nao mtupu, akampa binti yangu kwa mikono miwili.

"Mwanangu, nitengenezee mingine. Na wewe mzee, haya, simulia."

Nikafungua mdomo, macho yote kwangu. Nikamtazama binti yangu anavyoukagua mfuko wake kwenye mwanga wa dirisha, nikakosa cha kuongeza.