Pembeni Kidogo ya Lenzi

Mimi macho ya watu ndiyo yanayonilisha. Mwaka wa tisa huu nakaa kwenye chumba kisicho na dirisha, mbele ya skrini mbili, nahariri mahojiano ya kituo chetu cha televisheni. Kazi yenyewe ni kuchagua sekunde ipi ibaki na ipi iende. Maneno kila mtu anayo, mimi naangalia macho. Mtu akisema "tunasikitika sana" huku jicho linatafuta mlango, namwona. Akipepesa mara tatu kabla ya kujibu, namwona. Ofisini wameniita Polisi, na sikukataa.

Kwa hiyo nilipomwambia Kaka ajirekodi, sikuwa natania.

Kaka ni fundi wa makochi. Kanizidi miaka kumi na mmoja, na ndiye aliyenilea tangu Mama alipofariki, maana Baba alikuwa anafanya kazi mbali. Mapema mwaka huu alitokewa na uvimbe shingoni, chini ya sikio. Hospitali wakakata kipande kidogo, wakapeleka maabara kuangalia kama ni saratani, wakamwambia arudi baada ya siku kumi. Siku kumi hizo sikula vizuri, sikulala vizuri, niligombana mpaka na mashine ya kuchapia karatasi. Na kilichonimaliza zaidi ni kwamba Kaka mwenyewe nilikuwa simwamini.

Baba alipolazwa, mimi nilikuwa kwenye mitihani ya mwisho ya chuo. Kila jioni Kaka alinipigia simu: "Mzee anaendelea vizuri, wewe soma." Sauti imetulia, haitikisiki hata kidogo. Simu mbili za mwisho alizipiga Baba akiwa ameshatutoka. Alisubiri niweke kalamu chini kwenye karatasi ya mwisho ndipo akaniambia. Nilimsamehe, jamani, ni kaka yangu. Lakini ile sauti sikuiamini tena.

"Majibu yakitoka usinipigie," nilimwambia. "Kwenye simu wewe ni bingwa. Jirekodi video, niangalie machoni, useme."

"Si tupigiane ya video tu, tuonane?"

"Huko kwako mtandao unakwama kwama. Halafu mimi nataka ya kurudisha nyuma."

Akacheka. "Haya, Polisi. Sheria yako."

Jumanne saa nne asubuhi ikaingia. Nilikuwa katikati ya mahojiano ya mkuu wa idara ya maji, ambaye aliulizwa maji yatarudi lini na macho yakamruka pembeni palepale. Ile sekunde nilikuwa nimeshaichagua ibaki, mji mzima umwone. Nikamwacha mkuu wa maji ameduwaa kwenye skrini, nikafungua video ya Kaka.

"Mdogo wangu, hujambo. Nimetoka hospitali. Daktari amesema... hakuna kitu kibaya. Ni uvimbe wa kawaida tu, dawa kidogo, basi. Usiwe na wasiwasi. Haya, kazi njema."

Sekunde thelathini na nane. Mtu mwingine angeruka juu kwa furaha. Mimi sikuruka.

Macho, jamani! Sekunde mbili za mwanzo aliangalia lenzi, halafu yakaondoka. Yakaenda pembeni, chini kidogo. Yakarudi, yakaenda tena palepale. Na alipofika kwenye neno "hakuna", akasita, akainamisha kope, akameza mate, macho yakang'aa maji, kisha yakakimbilia kulekule pembeni. Nikairudisha nyuma. Nikaipunguza mwendo. Nikaiweka kwenye skrini kubwa, uso wa Kaka ukajaa ukuta mzima na bado hakuniangalia.

Akaingia mpiga picha wetu, yule tunayemwita Miguu Mitatu kwa sababu hatembei bila stendi ya kamera. Alikuja kuchukua kibandiko. Hicho ni kikaratasi cha duara nilichokichora macho mawili, tunakibandika kando ya lenzi kwa ajili ya wageni wanaoogopa kamera, wapate mtu wa kuongea naye. Ni ubunifu wangu, na huwa najivunia.

"Huyu nani?" akauliza.

"Kaka yangu. Niambie unaona nini."

"Naona mwanaume ana afya kuliko mimi."

"Macho, we! Angalia macho!"

Akainama. "Mmh. Kama kuna kitu hapo pembeni."

"Si kitu. Kuna mtu. Kuna mtu kasimama hapo anamwambia la kusema."

"Polisi, basi na wewe," alisema, akachukua kibandiko chake akaondoka.

Nikampigia Kaka. Inaita, haipokelewi. Nikampigia mkewe.

"Wifi, niambie ukweli."

"Ukweli upi tena, wifi? Si amekutumia video?"

"Nimeiona. Nimeyaona na macho yake."

"Macho yamefanya nini? Halo? Wifi, niko kwenye foleni dukani, sikusikii vizu..." Ikakatika.

Foleni dukani! Mtu mwenye la kuficha hakosi foleni. Damu ikanichemka. Nikamwambia mkuu wangu nina dharura ya nyumbani, na kabla hajauliza ni dharura gani nilikuwa nimeshafika kwenye ngazi.

Kwa Kaka ni mwendo wa saa mbili kwa basi. Nusu ya kwanza nilikuwa na hasira, namtungia maneno ya kumkomesha. Nusu ya pili hasira ikaisha, nikabaki na hofu tupu. Nikaanza kupanga nani atalala naye hospitali, likizo yangu imebaki siku ngapi, wifi nitamwambia nini. Nikajikuta namzika mtu ambaye asubuhi ileile kanitakia kazi njema. Mama mmoja wa kiti cha pili akanipa karatasi laini bila kuuliza kitu. Nikaipokea.

Karakana ya Kaka iko nyuma ya nyumba, bati juu, kuta tatu, upande wa nne wazi. Nilimsikia kabla sijamwona, nyundo inagonga ko-ko-ko. Alikuwa ameinamia kochi la watu watatu lililopinduliwa miguu juu, bandeji ndogo nyeupe shingoni, na mdomo umejaa misumari. Ndivyo anavyofanya kazi siku zote. Misumari midogo anaiweka mdomoni, anaitoa mmojammoja kwa ulimi, mkono mmoja unavuta kitambaa, mwingine unagonga.

"Kaka!"

"Mmh!" Macho yakamtoka.

"Unanidanganya tena!"

"Mm-mm!"

"Na kichwa unanitikisia! Mimi si mtoto tena, Kaka! Ya Baba ulinificha nikanyamaza, na hii unataka nije niambiwe na majirani?"

Akanyoosha kidole, ngoja. Akaanza kutema misumari kiganjani, mmoja, wa pili, wa tatu, na mimi nimesimama pale nalia na kusubiri misumari iishe. Ilikuwa kumi na minne. Sijui kwa nini niliihesabu.

"Wewe mtoto," alisema hatimaye, "nusura unimezeshe vyuma. Nani kakudanganya?"

"Macho yako."

Hakubishana. Akafuta mikono kwenye suruali, akaenda kwenye droo ya mikasi na tepu za kupimia, akatoa bahasha akanipa.

Nikasoma. Jina lake. Umri wake. Mhuri. Na katikati, kwa herufi zilizokolezwa: hakuna chembe za saratani zilizoonekana. Nikasoma mara ya pili, nikafuata kila neno kwa kidole. Nikageuza karatasi.

"Nyuma hakuna kitu," Kaka akasema. "Na mimi niliangalia."

Nikairudisha karatasi kwenye bahasha. Nikakaa juu ya rundo la sponji, likanimeza mpaka kiunoni, nikalia kilio cha sauti, kile cha kuvuta kamasi, nacheka humohumo. Nilikuwa nimebeba gunia siku kumi na sasa mtu kalishusha. Ni mzima. Kaka yangu ni mzima! Nilishukuru kwa sauti, nikashukuru mara nyingi, na jirani mmoja akachungulia kuona kama kuna msiba. Kaka akampungia mkono: "Hamna neno, ni dada. Amefurahi."

Nilipopata pumzi, ukali ukarudi. Ndivyo nilivyo.

"Sasa kwa nini macho yalikuwa yananikwepa?"

"Yanakukwepa?" Safari hii yeye ndiye aliyekasirika. "Nimejirekodi mara sita! Mara sita, kochi la mteja limelala hapo! Nimefanya vilevile ulivyonifundisha, halafu unakuja kunifokea na misumari mdomoni?"

"Nilikufundisha nini mimi?"

"Njoo."

Akanishika mkono akanitoa kwenye sponji, akanipeleka mpaka kwenye meza ya kukatia vitambaa. Simu yake ilikuwa bado imeegemezwa kwenye kopo la gundi, haina sauti, na imejaa simu zangu ambazo hazikupokelewa. Kando ya simu, chini kidogo, alikuwa amekitundika kipande cha boksi. Na kwenye boksi, kwa msumari mmoja mdogo, kulikuwa na picha yangu.

Ni picha ndogo ya kitambulisho cha shule. Nina miaka tisa, nimetoa macho kwa kuogopa kamera, na nimevaa shati lenye kola kubwa kupita kiasi. Kola hiyo alinishonea yeye kwa mabaki ya kitambaa cha kochi, kwa sababu ile ya awali ilichanika na shule ilikuwa inafunguliwa kesho yake. Nilikuwa sijaiona picha ile kwa miaka mingi.

"Unakumbuka tangazo langu?" akauliza.

Nilikumbuka. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimrekodia tangazo la karakana. Kila nikisema "anza" alikuwa anataja jina la biashara yake kama anakiri kosa. Ndipo nikachora macho mawili kwenye kikaratasi, nikakibandika kando ya lenzi, nikamwambia: "Kaka, usiongee na kioo. Ongea na mtu." Kibandiko cha kwanza nilimtengenezea yeye. Lakini ile ilikuwa kamera kubwa, na yeye alisimama hatua saba mbali. Kwa umbali ule macho yakisogea upana wa kidole, hakuna anayeona. Kwenye simu iliyo mbele ya pua, upana wa kidole ni safari nzima. Hilo sikumfundisha. Nani angefikiria!

"Ukasema niongee na mtu," Kaka akaendelea, na sauti safari hii ilitikisika. "Nikajiuliza, mtu gani? Si wewe? Nikakutundika. Nikaanza vizuri tu. Nilipofika kwenye 'hakuna' nikaiona hiyo kola. Nikakumbuka nilivyoogopa usiku ule naishona, kwamba nimeachiwa mtoto na sijui nitafanya nini. Na sasa naambiwa nitaishi. Nikashindwa." Akajikuna kidevu. "Na ile ya Baba nilikosea. Sikuwahi kukwambia. Nilikosea, mdogo wangu."

Nilimkumbatia upande usio na bandeji, na harufu ya gundi yote ikahamia kwangu.

Wifi akafika na mfuko wa mkate na mchele, akatukuta tumeshikana. "Kha! Mimi nakwambia foleni, wewe unapanda basi!" Alicheka mpaka akaweka mfuko chini.

Halafu nikakumbuka kitu, nikampigia Miguu Mitatu.

"Yule mkuu wa maji. Ulimwekea kibandiko?"

"Nilimwekea. Maskini alikuwa anatetemeka."

"Na kamera ulikuwa umbali gani?"

"Karibu tu. Ofisi yake ndogo, kungekuwa na nafasi wapi?"

Nikafumba macho. "Ile sekunde ya jicho niliyoiacha, mwambie anayemalizia kazi yangu aiondoe. Jibu lake libaki, jicho liondoke."

"Polisi! Unaumwa?"

"Nimepona," nikasema.

Kabla sijaondoka jioni nilimwambia Kaka turekodi upya, safari hii aangalie lenzi yenyewe, niwe na video safi ya kumbukumbu. Akakubali. Nikaitoa picha, nikamweka sawa, akakaza macho kwenye lenzi kuanzia mwanzo mpaka mwisho, hakupepesa. Kwa kanuni zote za kazi yangu ilikuwa kamilifu. Nikaitazama. Alikuwa kama anatangaza kukatika kwa umeme. Hakuna hata chembe ya Kaka mle ndani.

Nikaifuta palepale.

Ile ya kwanza ninayo mpaka leo. Siku ngumu huifungua, na nikifika kwenye neno "hakuna" siirudishi nyuma tena wala siipunguzi mwendo. Naiacha iende. Siku ile nilisema kuna mtu kasimama pembeni, na kweli alikuwepo. Alikuwa ni mimi.