Ndala za Odeta Ndani ya Shokapu

Revocatus Maige alikuwa fundi wa kufungua. Kufunga ndiko kulikomshinda. Redio ya nyumbani ilikaa mwaka mzima ndani ya beseni, cherehani ya mkewe Odeta ikawa inashona kurudi nyuma tu, na saa ya ukutani ilikwenda vizuri mpaka siku alipoamua kuipangusa vumbi kwa ndani. Mwenyewe aliyajua hayo. Akiwa peke yake pale kwake Mkuyuni, mlango umefungwa, alikuwa akijiambia bila kumung'unya maneno, "Revo, wewe ni hasara." Kisha anachukua bisibisi.

Mwaka ule mvua za Elninyo zilikuwa zimekula barabara, na soko huria limemwaga Mwanza kila kilichochoka Ulaya. Revocatus akapata pale Igogo baiskeli ya mtumba, ile ya milimani, yenye shokapu mbele: miguu miwili minene ya foku inayoshika gurudumu la mbele, inayozama na kuinuka ukipita kwenye shimo. Mtaa mzima ulikuja kuibonyeza. Kichwa kikamvimba. Jumapili moja akampakia mkewe kwenye keria mpaka Bujora, kwao Odeta, kwenye ubatizo wa mtoto wa dada yake, na njia nzima akawa anamsimulia raha ya shokapu. Kumbe zilikuwa zimekufa zamani. Kila shimo lilipiga ko! Walipofika, Odeta alishuka ameshika kiuno.

"Njia nzima nakwambia mgongo unauma," alisema. "Umesikia?"

"Nilikuwa nasikiliza foku," Revocatus akajibu, na jibu hilo analijutia mpaka leo.

Odeta akabaki kwao. Akamwambia baiskeli ikiacha kumpiga atarudi. Isipoacha, asijisumbue kumfuata. Wiki tatu zikapita, nyumba ikawa kubwa mno. Revocatus alimkumbuka mkewe asubuhi, alimkumbuka mchana, na zaidi alimkumbuka wakati wa kula, maana ugali alioupika mwenyewe ulihitaji ujasiri. Kilichompa moyo ni ndala za Odeta, nyekundu, alizoziacha mlangoni.

"Shemeji, tulia," Akelo, jirani yake aliyekuwa akikaanga sangara barazani, akamwambia. "Mwanamke angekuacha kabisa angetuma mtu achukue na ndala. Hizo zinamngoja."

Basi akaamua kuzitengeneza shokapu. Jumamosi asubuhi akatandika gunia uani, akapindua baiskeli, akatoa gurudumu la mbele, akalegeza boliti za chini ya foku kwa kifunguo cha pembe sita, akavuta. Miguu ikachomoka. Ndani hamkuwa na springi kama alivyowatangazia watu. Mlikuwa na vipande vya mpira vilivyopangwa kimoja juu ya kingine kwenye kijiti cha plastiki, na vilimomonyoka vidoleni kama mkate uliokauka.

Kusafisha alijua. Akasugua kwa mafuta ya taa mpaka mabomba yakang'aa, akazifuta sili za kuzuia vumbi, akajisifu kwa sauti. Tatizo likawa mipira. Hakuna duka mjini lililowahi kuisikia. Alitaka kitu laini, kinachobonyea na kurudi. Macho yakazunguka uani, yakafika mlangoni, yakatua.

Tuseme ukweli: alisita. Alisita muda wa kutosha kunoa kisu.

Kila ndala ikatoa vipande sita vya mviringo, alivyovikata kwa kufuatisha kizibo cha soda. Akavitoboa katikati, akavipanga, sita kulia, sita kushoto. Grisi hakuwa nayo, akaomba kwa Akelo kikombe cha mafuta ya sangara, akapaka bila uchoyo. Akafunga. Akabonyeza. Foku ikazama taratibu, ikapanda taratibu, na mkononi haikubaki hata boliti moja. Revocatus akakaa juu ya gunia, machozi yakamlengalenga, mtu mzima, kwa ajili ya foku.

Kesho yake akashika njia ya Bujora. Shokapu zilifanya kazi vizuri ajabu. Ambacho hakukipigia hesabu ni mbwa. Wa kwanza alimpata Igoma, wa pili na wa tatu Kisesa, na alipoingia kwa wakwe alikuwa na watano, wanailamba foku kila aliposimama.

Mzee Ngosha, baba yake Odeta, alikuwa ameketi nje.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Na hao ndio washenga?"

Pale kwa Mzee Ngosha, mume aliyemfuata mke hupewa kigoda kifupi, akajieleza mbele ya mkwe, mke akisikiliza. Revocatus akaketi, magoti yakamfika kidevuni, akaeleza boliti, akaeleza sili, akaeleza mafuta ya sangara. Alieleza vizuri sana. Odeta akamwacha amalize.

"Na hiyo mipira mipya umeitoa wapi?"

Fundi akatazama chini. "Ndala zako."

Mzee Ngosha akakohoa kikohozi kisicho na ugonjwa wowote.

"Nilizoziacha mlangoni?" Odeta akauliza. "Revo, zile sikutuma zifuatwe ili ujue narudi."

"Nilijua. Nilijua, na bado nikazikata. Nisamehe, Odeta. Bila wewe sikai vizuri mle ndani."

Odeta akainuka, akaibonyeza baiskeli mbele. Ikazama, ikapanda. Akaenda nyuma, akabonyeza keria. Keria haikwenda popote. Akaibonyeza tena, safari hii akimtazama mumewe usoni.

"Shokapu ziko mbele," alisema. "Mimi huwa nakaa wapi?"

Revocatus akaitazama keria. Wiki tatu za kuwaza, na vipande kumi na viwili vya ndala, na swali hilo halikuwahi kumpitia kichwani. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

Odeta akaingia ndani, akatoka na mzigo wake, akamwamuru Revocatus akae kwenye keria, akampakatisha mzigo. "Na viatu vyako nipe. Vyangu umevikata." Baiskeli aliijua tangu usichana, alipokuwa akipeleka maziwa Kisesa. Akamuaga baba yake, akashika usukani, wakaondoka, mbwa watano nyuma yao na mume peku juu ya chuma.

Shimo la kwanza lilimpiga kiunoni. La pili likapanda mpaka kwenye meno.

"Odeta," alisema, "mgongo."

"Ngoja kwanza," Odeta akajibu bila kugeuka. "Nasikiliza foku."