Kifungu cha Kumi na Nne

Bungeni, sisi waandishi wa taarifa rasmi ndio watu pekee tulioajiriwa kusikiliza. Wengine wote wapo kwa ajili ya kusema, na wachache kwa ajili ya kusinzia. Tunakwenda kwa zamu za dakika kumi: unakaa kwenye meza yetu chini ya kiti cha Spika, unaandika kila neno, mwenzako anakugusa bega, unashuka chumba cha chini kusafisha ulichoandika. Ukiwa juu huruhusiwi kucheka wala kutikisa kichwa. Kwa mtu mwenye mdomo kama wangu, hiyo ni adhabu yenye mshahara.

Siku ile niliingia kazini roho mkononi. Nyumbani tuko watatu: Mama, mimi na Mchwa. Mama hakunizaa, alinichukua kituo cha watoto nikiwa na miaka mitano. Nilipokua akaona nyumba imepoa, akamchukua Mchwa, ambaye sasa ana miaka saba na anatafuna kila kitu, hadi kola ya sare. Vyumba vyetu ni viwili. Kimoja wanalala wao, kingine nalala mimi, jiko, na masanduku ya majirani waliohama wakisema watarudi.

Muswada uliokuwa mezani ulihusu makazi na malezi. Kifungu cha kumi na nne kilisema mtoto wa kulelewa lazima awe na chumba chake peke yake. Asipokuwa nacho, arudishwe kituoni ndani ya siku thelathini. Na asubuhi hiyohiyo waheshimiwa walikuwa wameahirisha mpango wa nyumba za kupanga za bei nafuu, eti utafiti zaidi ufanyike. Yaani asubuhi wamekataa kujenga vyumba, mchana wanamtaka kila mtoto aonyeshe chake. Nikayaandika yote mawili bila kutikisa kichwa.

Tumaini letu lilikuwa mbunge mmoja, ambaye kule chini tulimwita Makofi, kwa jinsi alivyopenda kupigiwa. Aliwasilisha marekebisho ya mstari mmoja: watoto ambao tayari wako kwa walezi waachwe hapo walipo. Waziri mwenyewe alishasema hapingi. Kilichobaki ni Makofi kusimama jina lake likiitwa. Lakini kanuni haina huruma: mwenye marekebisho asipokuwemo ukumbini akiitwa, marekebisho yameanguka, na hakuna wa kumshikia nafasi.

Na Makofi ni msahaulifu. Mwaka jana aliunga mkono hoja aliyokuwa ameipinga kabla ya chai. Zamu yangu ilipoisha walikuwa kifungu cha tisa, na kila kifungu kilikuwa kinakula robo saa. Nikapiga hesabu, muda upo. Mbunge ana haki ya kushuka kwetu kusoma rasimu ya maneno yake kabla hayajachapwa, basi nikampelekea kikaratasi kwa mhudumu wa ukumbi: "Mheshimiwa, hotuba yako ya asubuhi ina mahali panapohitaji jicho lako." Uongo mtupu. Nilitaka dakika mbili tu nimkumbushe, na nimweleze habari za Mchwa, ili akisimama asimame na mtoto moyoni.

Alishuka mbio.

"Wapi hapo, mdogo wangu? Wamenikata?"

"Hakuna aliyekukata, mheshimiwa. Keti kwanza. Nilitaka pia tuongee kuhusu kifungu cha..."

"Ngoja, ngoja. Hapa niliposema paa ni haki ya kila mtu, mbona hamjaandika makofi?"

"Hayakupigwa."

"Yalipigwa, nilisikia!"

"Mheshimiwa, yule alikuwa anaua mbu."

Akacheka hadi tai ikahamia begani. Chumba kizima kikacheka, hata mhariri wetu mkuu, mzee tunayemwita Nukta kwa kuwa hajawahi kumsamehe mtu aliyesahau nukta. Nami nikishachekesha huwa sina breki. Nikapunguza spika ya ukutani inayotuletea sauti za ukumbini, ili tusikilizane vizuri. Ndipo nikamweleza.

"Mchwa?" akasema. "Anakula nyumba?"

"Anakula kola. Nyumba mnataka kuila ninyi."

Akacheka tena. Kisha akavua miwani, akanitazama.

"Huyo mtoto haendi popote. Nikisimama nitamsema." Akaomba karatasi, akaanza kuandika atakavyosema.

Makofi alikuwa amefika mstari wa tatu, mwenzangu wa zamu alipoingia kutoka juu, akasimama mlangoni.

"Kumbe yuko huku?"

"Mko kifungu cha ngapi?" nikamuuliza.

"Cha tisa hadi cha kumi na tatu vimepita kwa mkupuo, havikuwa na marekebisho. Cha kumi na nne, ameitwa mara mbili."

"Ikawaje?"

"Yameanguka."

Makofi aliinuka, kiti kikalala chali. "Narudi nikaombe."

"Kifungu kimeshahojiwa na kupitishwa, mheshimiwa," Nukta akasema taratibu. "Hakifunguliwi tena."

"Basi andikeni kwamba nilikuwemo ukumbini."

"Hilo hatuwezi."

Akageuka huku na huku. "Ni kosa gani hasa la hotuba mliloniitia?"

Mwenzangu alikagua kucha zake.

"Halikuwepo," nikasema. "Nilikuita mimi tu."

Hakunitukana; afadhali angenitukana. Aliiacha karatasi yake mezani, akatoka polepole. Dakika tano baadaye nami nikapanda kwa zamu yangu, nikaandika muswada ulivyopita. Safari hii makofi yalipigwa kweli, nikayaweka kwenye mabano yake.

Nilipofika nyumbani Mama alikuwa anakunja nguo. Mchwa alikuwa nje, nasikia anamwamrisha mtoto wa jirani.

"Imekuwaje?" Mama akauliza.

"Muswada umepita kama ulivyo."

"Na mbunge wetu? Si alisema atasimama?"

"Hakuwemo ukumbini."

"Alikuwa wapi?"

Hapo ningeweza kusema lolote. Kazini kwangu nimesikia majibu elfu ya swali kama hilo.

"Alikuwa na mimi, Mama. Nilimwita nimkumbushe. Nikaanza utani."

Alilikunja gauni la Mchwa, akalikunjua, akalikunja upya kwa upande mwingine. Sauti ya mtoto ikaendelea nje, haina habari.

"Hizo siku thelathini zinaanza lini?"

"Rais akishatia saini."

"Basi mwombee augue mkono."

Nikacheka. Nilipoinua uso, Mama alikuwa amefumba macho na mikono ameikunjua magotini, midomo inacheza, anaomba kweli.