Mayai Mia Tatu

Jumatano hakuna kinyozi Bangkok anayeshika mashine. Kunyolewa siku hiyo ni kujitafutia mkosi, kwa hiyo viti vya vinyozi mji mzima hushinda vitupu na wenye viti hulala mpaka jua liwafukuze. Tao hakulala. Alfajiri ilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, vidole vya mkono wa kulia vinafumba na kufumbua kana kwamba vinakata nywele za mtu asiyeonekana.

Jina lake la nyumbani maana yake ni kobe. Aliyempa alikosea. Kijana huyu hakupata kutulia tangu azaliwe, na tangu Januari, ilipokuja barua ya jeshi, hata usingizi wake ulikuwa wa kutembea.

Kesho, Alhamisi, angeingiza mkono ndani ya sanduku mbele ya maofisa na vijana wenzake wa wilaya, wote wa miaka ishirini na mmoja, atoe kadi. Nyeusi, anarudi kazini mchana huohuo. Nyekundu, miaka miwili jeshini. Na kazini kulikuwa na kiti. Miaka minne alifagia nywele katika duka la Mzee Heng kabla ya kupewa kiti chake mwenyewe, cha tatu kutoka mlangoni, chenye kioo kilichopasuka pembeni. Kiti hicho alikipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

"Mwaka mmoja naweza kukutunzia," Mzee Heng alimwambia. "Nitabana bana na mgongo huu wangu. Miwili siwezi, Tao. Miwili nitakuwa nimeshakufa, na kiti kitakuwa cha mwingine."

Mwaka mmoja ndio muda wa anayejitolea mwenyewe kabla kadi hazijaanza kutolewa, kwa aliyemaliza sekondari kama yeye. Tao aliujua mlango huo. Aliudharau. Nijipeleke mwenyewe, alikuwa akiwaambia wenzake, kama ng'ombe anayejifunga kamba?

"Vaa shati lenye kola," mama yake alisema kutoka jikoni. "Tunakwenda Paet Riu. Jioni tumerudi."

"Kufanya nini?"

"Kumkumbusha Baba Mkuu. Ana watu wengi yule, anaweza kusahau."

Hivyo ndivyo Tao alivyojua kwamba mama yake, Lamyai, mshona nguo mwenye goti bovu ambaye hakupenda hata kuvuka barabara, alikwishapanda treni peke yake mwezi wa kwanza, akapiga magoti mbele ya Baba Mkuu, sanamu la hekalu la mtoni katika mji wa Paet Riu, na kuweka nadhiri. Mwanangu asipate kadi nyekundu, nami nitakuletea mayai mia tatu ya kuchemsha, na wachezaji wacheze mbele yako mara mbili.

"Mia tatu," Tao alisema. "Mama, baba yule ana familia ya watu wangapi?"

"Vaa shati."

Treni ya daraja la tatu iliondoka saa mbili, madirisha wazi, mapangaboi yanazunguka hewa ileile ya moto. Aprili haina huruma. Walikaa wakitazamana na mama mmoja mnene aliyezungukwa na vikapu vya asumini. Alikuwa anatunga makoja bila kutazama mikono yake. Aliitwa Samruai. Maua aliyanunua Bangkok kabla ya jua kutoka na kuyauza mlangoni pa hekalu lilelile waliloliendea, na hayo yote aliyasema kabla treni haijafika kituo cha pili.

"Na nyinyi mnaomba nini?"

"Tulishaomba," Lamyai alisema kwa fahari. "Mwanangu anatoa kadi kesho. Nimeomba asipate nyekundu."

Sindano ya Samruai ikasimama katikati ya ua.

"Umeomba hivyo kwa Baba Mkuu? Huyu wetu?"

"Huyohuyo."

"Wewe si mtu wa huku, dada."

"Mimi wa Buriram. Kwani vipi?"

"Basi hukujua, na asiyejua husamehewa. Labda." Samruai aliweka koja pajani. "Baba yule mwombe nyumba. Mwombe mume, mwombe namba ya bahati nasibu. Lakini kukwepa jeshi humwombi. Anapenda askari, kila mtoto wa Paet Riu anajua hilo. Ukimwambia mwanangu asiende, ndiyo kwanza anageuka: yuko wapi huyo, hebu nimwone."

Tao alicheka. "Na sare anampimia mwenyewe?"

"Cheka, baba. Mpwa wangu alicheka hivyohivyo. Sasa yuko mpakani anatoa mawe kwenye mchele."

Lamyai hakucheka. Rangi ilimtoka usoni polepole kama nguo iliyoachwa juani. Alishika mkoba wake, akauachia, akaushika tena. Treni iliposimama kituo cha Hua Takhe kupisha nyingine, alinyanyuka akaanza kutembea behewani, mguu mmoja ukiburuta, mpaka mlangoni na kurudi, mpaka mlangoni na kurudi. Wauza kuku wa kuchoma walimpisha.

"Mama, kaa."

"Mbona haiondoki?"

"Itaondoka. Kaa, goti hilo."

"Nimekuuza, Tao. Nimekwenda kwa miguu yangu nikakutaja jina, na mtaa, na tarehe ya kuzaliwa."

"Umemtajia sanamu."

"Funga mdomo wako," alisema kwa sauti ndogo, na Tao akaufunga.

Simu ikalia mfukoni. Ujumbe wa wenzake: wilaya inataka watu kumi na tisa, na majina ni themanini na mawili. Alipiga hesabu. Akaipiga tena kana kwamba jibu lingebadilika. Alijiambia haamini mambo ya sanamu lenye mapenzi na askari. Lakini miguu yake iliamini, maana yeye pia alijikuta amesimama, anatembea nyuma ya mama yake, mpaka mlangoni na kurudi. Samruai aliwatazama wote wawili wakipita.

"Kweli huyu umemzaa wewe," alimwambia Lamyai.

Hekaluni palikuwa na watu wengi kama sikukuu. Upande wa kushoto trei za mayai zilipangwa ghorofa kwa ghorofa. Kando ya trei hizo wachezaji waliovaa mataji ya dhahabu walicheza bila kupumzika, nadhiri baada ya nadhiri, nyuso zimechoka na vidole vimepinda vizuri. Mzee mhudumu wa shati jeupe alishika kipaza sauti.

"Wanaotimiza nadhiri, kushoto. Wanaoanza, kulia."

"Na wanaotaka kuifuta?" Lamyai alimuuliza.

Mhudumu aliteremsha kipaza sauti. "Mama, watu huja hapa kwa sababu wamepata au kwa sababu wanataka. Wa kufuta sijamwona muda mrefu." Alipoona uso wake akalainika. Akampa vibao viwili vyekundu, kila kimoja bapa upande mmoja na mviringo upande wa pili. "Muulize mwenyewe. Kimoja kikilala na kimoja kikiangalia juu, amekubali. Vikifanana, hajakubali. Mara tatu inatosha."

Lamyai aliwasha udi, akapiga magoti kwenye sakafu ya marumaru, goti bovu kwanza. Akanong'ona muda mrefu. Akarusha.

Vikafanana.

Akarusha tena. Vikafanana. Mara ya tatu kimoja kilizunguka kama sarafu, Tao akajikuta anakisukuma kwa macho, kikaanguka sawa na mwenzake. Lamyai aliviokota bila kumtazama mtu. Mara ya nne. Mara ya tano. Nyuma yao foleni ilianza kuguna.

"Mama, Baba keshasema," bwana mmoja mwenye trei ya yungiyungi alisema. "Tuachie na sisi."

"Mtoto anayekwenda ni wako?"

"Wangu alishakwenda, akarudi mnene."

Watu wakacheka. Lamyai akarusha mara ya sita. Vibao vikateleza mbali, akavifuata kwa magoti, sketi imekunjamana, na Tao akaona kwamba goti lile bovu limechubuka na kuacha alama nyekundu, nyembamba, kwenye marumaru nyeupe.

Kitu kikamkatikia kifuani. Hakikuwa huruma peke yake. Ilikuwa hasira pia. Hasira kwa vibao, kwa sanduku la kesho, kwa bwana wa yungiyungi, na zaidi kwake yeye mwenyewe, aliyekaa miezi mitatu anajigamba vijiweni na kutetemeka kitandani, huku mwanamke huyu akitembea kwa magoti badala yake. Alimfikia kwa hatua mbili, akapiga magoti pembeni yake, akafunika vibao kwa kiganja.

"Inatosha."

"Mara moja tu, Tao. Ya saba."

"Kesho najitolea."

Lamyai alimtazama kana kwamba amemtukana. "Usiseme maneno hayo hapa. Anasikia."

"Nimeyasema hapa ili asikie. Mwaka mmoja. Nitakwenda kwa miguu yangu, asinichague mtu, wala sanduku." Sauti yake ilikuwa kubwa kuliko alivyotaka. Bwana wa yungiyungi aliinamisha macho. "Sasa nyanyuka, mama. Unatoka damu."

Alimnyanyua. Alikuwa mwepesi kuliko alivyomkumbuka.

Mlangoni Samruai alimfunga Lamyai goti kwa kitambaa na kumvika Tao koja la asumini mkononi, akakataa kulipwa. Wakapanda treni ya kurudi. Lamyai alinunua wali wa kunata akausahau pajani. Ni treni iliposimama tena Hua Takhe ndipo alipofungua mdomo.

"Mwaka mmoja?"

"Mwaka mmoja."

"Na Mzee Heng atakutunzia kiti kweli?"

"Alisema."

"Alisema akiwa amekunywa?"

"Alisema akiwa na wembe shingoni mwa mteja."

Lamyai akafikiri. "Basi alikuwa makini," alisema, akaanza kula.

Asubuhi ya Alhamisi ukumbi wa shule ulinuka jasho na mafuta ya nywele. Vijana themanini na wawili walikaa sakafuni kwa mistari, vifua wazi, namba zimeandikwa kwa wino mikononi. Wazazi walibanana nje ya uzio. Ofisa alisimama mbele ya sanduku.

"Tunataka kumi na tisa. Kabla hatujaanza, nani anajitolea?"

Mmoja akasimama, wa pili, wa tano. Tao alikuwa amelala usiku mzima kwa mara ya kwanza tangu Januari. Asubuhi hiyo alidhani uamuzi umekwisha kufanyika na kilichobaki ni kunyanyuka tu. Kumbe miguu haikuwa na habari. Walifika kumi na wawili. Kumi na watano. Akili yake ilianza kumbembeleza: kila anayesimama anaondoa kadi moja nyekundu, ngoja kidogo, ngoja, labda watatimia bila wewe. Kumi na saba. Kijana mmoja mnene akajikongoja akasimama. Kumi na wanane.

"Amebaki mmoja," ofisa alisema. "Tukimpata, sanduku hili halifunguliwi. Tusipompata, nyote mliokaa mtatoa kadi."

Watu sitini na nne sakafuni, kadi nyekundu moja. Ilikuwa bahati nzuri ambayo Tao hakuiota hata siku moja. Angekaa tu. Nani angemlaumu? Akatazama nje ya uzio na kumwona mama yake, amesimama kwa mguu mmoja, macho amefumba, midomo inakwenda. Alikuwa anamwomba tena nani, na nini, Mungu wangu?

Vidole vyake vikafumba na kufumbua. Tao akasimama.

Ukumbi ulilipuka. Vijana asiowajua walimrukia, wakambusu kichwani, wakamwita kaka, wakamwita mkubwa. Mmoja alilia waziwazi begani pake. Tao alisimama katikati yao akitamani kucheka na kumpiga mtu kwa wakati mmoja. Moja katika sitini na nne. Hesabu hiyo, aliijua, ingemfuata mpaka kambini, ingelala naye kitanda kimoja.

Nje, Lamyai alimshika mikono yote miwili. "Wamesema nini? Umetoa kadi gani?"

"Sikutoa. Nimetimiza idadi. Hakuna aliyetoa kadi."

"Hakuna?"

"Hata mmoja."

Alitazama hewani jinsi anavyotazama kitambaa kabla ya kukikata.

"Kwa hiyo hukupata nyekundu."

"Mama, usianze."

"Nilimwambia usipate nyekundu. Umepata nyekundu?"

"Sikupata, lakini yeye hakufanya lolote. Nimesimama mwenyewe."

"Na aliyekusimamisha ni nani?" Lamyai alisema, akaanza kuelekea sokoni kwa wauza mayai, goti likiburuta, haraka kiasi kwamba Tao ilimbidi atembee kwa nguvu.

Jumatano iliyofuata, kabla Tao hajaitwa kambini, walirudi. Trei za mayai zilijaza viti vinne vya behewa, na Samruai aliweka vikapu vyake sakafuni kuwapisha. Tao alishika trei ya juu isianguke treni ilipopinda. Hua Takhe ikasimama kama kawaida yake, na mara vidole vyake vikaanza kutembea juu ya maganda, kimoja hadi kingine.

"Usiguse," Lamyai alisema bila kugeuka. "Hayo ni ya Baba."

Akaingiza mkono mkobani, akatoa yai moja lililofungwa kwenye leso pamoja na chumvi.

"Nilichemsha mia tatu na moja. Mikono yako naijua."