Taa ya Njano ya Lusahunga

Pigo la kwanza lilimkuta Ndikuriyo ameinama, anaziba pancha ya baiskeli. Mwanangu Renatus hakumsalimia. Alishuka garini na wili spana mkononi, akampiga nayo begani. Nilisikia mfupa ukilia.

"Mwizi wewe! Umetoboa tairi langu ili wenzako watuvamie porini!"

Asubuhi ile tulikuwa tumetoka Bugarama kwenda Biharamulo, kumwona binti yangu Francisca aliyejifungua. Kabla ya kufika Lusahunga, mbele ya usukani iliwaka taa ya njano, ile yenye mchoro wa tairi. Renatus alisimama kwa Ndikuriyo, fundi tairi wa njia panda. Fundi aliniamkia, akatandika gunia safi kwenye benchi nisichafue kitenge changu. Alipima matairi yote, lililopungua akalijaza upepo, kisha akasema, "Kaka, upepo uko sawa, lakini taa haitazima yenyewe. Chini ya usukani kuna kitufe. Kibonyeze, ukishikilie mpaka taa ipepese. Hapo ndipo gari litajua kwamba tairi limejazwa."

Renatus alikuwa anaongea na simu. Aliitikia kwa kichwa tu, tukaondoka.

Taa iliendelea kuwaka. Siku zile kulikuwa na watu waliotekwa msituni baada ya kupata pancha, na kila kijiwe kilisema yuko fundi anayeshirikiana na majambazi. Msitu ulipoanza kuwa mnene, Renatus aliitazama taa, akageuza gari kurudi kwa fundi.

"Mwanangu, shuka upime kwanza," nilimwambia.

"Mama, nyamaza."

Pale njia panda neno mwizi halihitaji kutamkwa mara mbili. Watu walitoka vibandani, wengine wakaruka kutoka kwenye pikipiki. Jiwe lilimpata Ndikuriyo mdomoni, akatema meno. Mtu alimkanyaga kiganja, akazungusha kisigino kama anayezima sigara.

"Mrundi huyo! Si niliwaambia?"

"Leteni tairi tumvishe!"

"Ya nini kuleta? Yamejaa hapa hapa kwake," akajibu mwingine, wakacheka.

Tairi likavingirishwa. Nikaona chupa ya petroli. Niragira, mke wa Ndikuriyo, alikuja mbio kutoka kwenye kibanda chake cha chai, wanaume wawili wakamkamata mikono. Alikuwa analia kwa Kirundi, anawauma.

Nilishuka. Nilipenya katikati yao, na kijana mmoja aliyeshika jiwe alilishusha, akanishika kiwiko nisijikwae. Sijui jina lake. Nikajilaza juu ya Ndikuriyo. Renatus alikuwa ameshainua spana, hakuweza kuizuia. Ilinishukia mgongoni, pumzi ikanikatika.

"Mama! Toka hapo!"

"Sitoki. Piga tena."

Dereva mmoja wa lori, Audax, akasogea. "Jamani, gari si hili hapa? Lipimwe basi. Mkishamchoma mtamwuliza nani?"

Alichukua geji ya fundi, akapima tairi moja baada ya jingine, akiwaonyesha watu. Yote yalikuwa yamejaa.

"Na taa je?" Renatus alifoka. "Mbona inawaka?"

Chini yangu Ndikuriyo alitema damu. "Kitufe, kaka. Ulibonyeza?"

Audax aliingia garini, akapapasa chini ya usukani, akashikilia kitufe. Taa ikapepesa, ikazima.

Mwenye petroli aliificha chupa nyuma ya mgongo kama mtoto aliyekutwa na sukari. Wengine wakakumbuka abiria wao. Waliomshika Niragira wakamwachia, naye akapiga magoti, akafunga kichwa cha mumewe kwa khanga.

"Tumpeleke hospitali," Renatus alisema. "Nitaendesha haraka."

"Wewe?" Niragira alimtazama. "Afadhali afie hapa."

Ndikuriyo alikuwa anakoroma, macho yamegeuka. Niliona wazi kwamba tukibishana atakufa. Nikanyoosha mkono. "Renatus, lete funguo."

Nilimpa Audax. Akamwachia utingo wake lori, bila kuuliza atalipwa nini.

"Na mimi, mama?" Renatus aliuliza.

"Wewe baki. Mwenyekiti wa kijiji akija, mwambie ni nani aliyeanza. Usiposema, nitasema mimi."

Ndikuriyo alifika hospitali akiwa hai. Sikio moja halisikii tena, na mkono wake haupandi juu ya bega. Renatus alisema mwenyewe, wakamweka mahabusu Biharamulo. Mimi nilikaa kwa Francisca. Kila siku nilipika ugali na maharage kwenye sufuria moja, nikagawa: chombo kimoja kituoni, kingine wodini.

Mwanzoni Niragira aligeuza uso, chakula kikapoa kando ya kitanda. Niliendelea kupeleka. Siku moja alinipokea chombo mkononi, akamlisha mumewe kijiko kwa kijiko, kisha akatoka nacho. Aliponirudishia, kilikuwa kimeoshwa.